Mume wangu anakunywa wafarini pamoja na unga wa miti wa mama yake: niubadilishe kwa siri?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Tunaishi Buhongwa, Mwanza, na mume wangu anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba. Utotoni aliugua koo na viungo, na ugonjwa ule ukamwachia kasoro kwenye vali za moyo, hata miaka michache iliyopita akafanyiwa upasuaji Dar es Salaam na kuwekewa vali ya bandia. Tangu hapo anakunywa wafarini kila usiku, na tulielezwa kwamba ataendelea nayo maisha yake yote, kwa sababu bila dawa hiyo damu inaweza kuganda kwenye vali na bonge likaenda kichwani. Anakwenda kliniki kupimwa INR, yaani namba inayoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na yeye anatakiwa awe kati ya 2.5 na 3.5.

Kwa muda mrefu vipimo vyake vilitulia. Kisha baba mkwe akafariki, nasi tukamleta mama mkwe kutoka Ukerewe aje kukaa nasi. Mama huyu anaheshimika sana kisiwani kwa ujuzi wake wa dawa za miti, na hatozi watu fedha. Alipomwona mwanawe anahema akipanda mlima wa kwetu, alichanganya majani, magome na mizizi, akavisaga, akaanza kumpa kijiko kimoja kwenye uji kila asubuhi. Ninachokijua ndani ya unga huo ni mlonge na mwarobaini tu. Mingine ni siri aliyoachiwa na mama yake mzazi. Mume wangu anasema tangu aanze kuutumia ana nguvu na hamu ya kula imemrudia, na kusema kweli hata mimi naona amechangamka.

Shida ni vipimo. Muda mfupi baada ya kuanza unga, INR ilishuka hadi 1.6. Daktari alimuuliza kama anaruka dozi, akajibu kwamba haruki, na ni kweli haruki. Wakampandisha kutoka miligramu 5 hadi 7.5 kwa siku, na kipimo kikarudi mahali pake. Miezi iliyofuata tulipumua. Halafu siku moja ufizi ukaanza kumtoka damu kila akipiga mswaki, mapajani akawa na mabaka meusi kama aliyepigwa, na tulipomkimbiza hospitali INR ilikuwa 5.9. Walimsimamishia dawa kwa siku kadhaa, wakamrudisha kwenye 5. Mwezi uliopita kipimo kikawa 1.8, wakampandisha tena hadi 7.5. Naona wazi kwamba daktari ameanza kumhesabu kuwa mgonjwa asiyefuata masharti.

Mimi naamini ni unga ule unaoifanya damu yake kuwa nyepesi kupita kiasi. Sipendi kumsingizia mama wa watu, kwa sababu siku zile za kutokwa damu hata hakuwepo: alikuwa Ukerewe kwenye msiba wa dada yake kwa karibu mwezi mzima, unga ulikuwa umekwisha, na mume wangu alikuwa akiharisha akawa anakunywa vidonge vya tumbo alivyonunua duka la dawa. Lakini unga ule alikuwa amekwisha kuunywa kwa miezi, na nadhani ulikuwa umejaa mwilini.

Nimemwomba amwambie daktari, amekataa katakata. Kwanza, pale kliniki muuguzi alimgombeza mgonjwa mwenzake mbele ya foleni nzima kwa kutaja dawa za kienyeji, na mume wangu akaapa kwamba yeye hatadhalilishwa hivyo. Pili, anajua wataamuru aache, na hawezi kumwambia mama aliyetoka kumzika mumewe na dada yake kwamba dawa yake ni sumu. Anasema pia kwamba dawa ya mama ni ya asili, haina kemikali, na kwamba unga anaunywa asubuhi na wafarini usiku, kwa hiyo haviwezi kukutana tumboni.

Nisichoelewa ni kwamba mama mwenyewe si mtu wa kupinga hospitali. Mwaka 2011, watu walipokuwa wakimiminika Loliondo kwa Babu, yeye ndiye aliyemkemea jirani yake asithubutu kuacha vidonge. Lakini kwa mwanawe sijui atanichukuliaje mimi mkamwana nikifungua mdomo.

Nimefikiria kufanya hivi: mwezi ujao anakwenda tena Ukerewe kuvuna mihogo, na akiondoka nitaumwaga ule unga na kujaza kopo kwa mlonge nitakaousaga mwenyewe, ambao najua hauna madhara. Mume wangu hatajua, mama hatajua, na moyo wangu utatulia. Au niende kwa daktari peke yangu nimweleze? Au ninyamaze? Nisaidie.

Mkamwana Mwenye Mashaka, Buhongwa

Mshauri anajibu

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma kwanza kama mwanamke mwenzako, kisha nikaisoma tena kama muuguzi mstaafu anavyosoma faili, na katika kuisoma kwa namna hii ya pili niliona kwamba mambo mawili uliyoyapita haraka, yaani safari ya mama kwenda msibani na vile vidonge vya tumbo, yana uzito kuliko ulivyoyapa.

Kwa nilivyokuelewa, umebanwa katikati ya watu watatu ambao kila mmoja ana sehemu tu ya habari. Daktari anaona namba asizoweza kuzieleza. Mama mkwe anaujua unga lakini hajui namba. Mume wako anajua vyote viwili na ameamua visikutane. Wewe unaona hatari, na kwa kuwa milango ya kusema imefungwa, umeanza kufikiria kutenda kimyakimya.

Kabla ya hapo, hebu tuyapange matukio yako upya. Unga ulipoingia, INR ilishuka. Dozi ikapandishwa hadi mambo yakakaa sawa, huku unga ukiendelea. Unga ulipokwisha, INR ikapanda hadi 5.9 na damu ikaanza kutoka. Dozi ikateremshwa, unga ukarudi, INR ikashuka tena. Ukumbuke kwamba namba hii ikipanda maana yake damu inachelewa kuganda, na ikishuka maana yake inaganda upesi. Mtu akiyaangalia matukio kwa mpangilio huu, haoni unga unaoifanya damu kuwa nyepesi. Anaona kitu kinachoipunguzia wafarini nguvu, na daktari anayeongeza dozi kushindana na kitu ambacho hakijui. Unga ulipokwisha wakati wa msiba, huenda ile miligramu 7.5 ilibaki bila wa kushindana naye. Kama ndivyo, basi dhana yako imesimama kichwa chini miguu juu, na jambo hilo linabadilisha kabisa maana ya mpango wako wa kopo.

Nasema huenda kwa makusudi, kwa sababu mshukiwa wa pili yumo ndani ya barua yako mwenyewe. Vidonge vya kuharisha vinavyonunuliwa madukani kwetu mara nyingi ni metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, na hiyo inajulikana vizuri kwa kuizuia wafarini isivunjwe mwilini, hata INR ikapanda ndani ya siku chache. Septrin nayo hufanya hivyo hivyo. Hizo ni dawa za hospitali kabisa, zenye maandishi na tarehe ya kuisha muda, na zingeweza kumtoa damu mume wako hata kama mama mkwe asingalizaliwa. Je, mnaweza kukumbuka vilikuwa vidonge gani? Au lile karatasi bado lipo? Inawezekana mambo yote mawili yalitokea kwa pamoja, unga ukaondoka na Flagyl ikaingia katika wiki zile zile.

Sasa niseme jinsi hayo yanavyotendeka, kwa sababu hoja ya mume wako ya kutenganisha asubuhi na usiku ndiyo ninayoisikia mara nyingi kuliko zote. Ini lina vimeng'enya vinavyozivunja dawa ili mwili uziondoe, na wataalamu huliita kundi kubwa la vimeng'enya hivyo saitokromu P450. Sehemu ya wafarini yenye nguvu zaidi huvunjwa na kimoja kati ya hivyo, kiitwacho CYP2C9. Mume wako ataelewa kwa mfano wa Mwaloni: dagaa wakishushwa, mzigo hubebwa na wachukuzi, na wakiongezwa wachukuzi magunia yanaisha mapema kuliko ulivyopanga, lakini wachukuzi wale wale wakikamatwa na mzigo wa tajiri mwingine, magunia yako yanalundikana. Kuna mimea na dawa ambazo huliamsha ini litengeneze vimeng'enya zaidi, na hapo wafarini huondoka upesi. Kuna nyingine ambazo huvishika au kuviharibu vimeng'enya vilivyopo, na hapo wafarini hurundikana.

Ukitazama jambo lenyewe kwa namna hiyo, saa hazina msaada mkubwa. Vimeng'enya vilivyoongezwa haviondoki jioni. Hujengwa kwa siku na wiki, na kitu kilichoviamsha kikiachwa, huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi kurudi idadi ya awali. Ndiyo maana pia sidhani kwamba unga ulikuwa umejaa mwilini wakati wa msiba kama unavyofikiri. Pengine kilichokuwa kikitoweka polepole ni kazi yake ndani ya ini. Kutenganisha saa husaidia kwa mambo ya tumboni tu, kwa mfano kitu kinachoshikamana na dawa kabla haijafyonzwa.

Mifano ya kuaminika ipo. Mwaka 2000 madaktari wa Zürich, Uswisi, walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo na kuanza kunywa mmea wa Ulaya uitwao Hypericum, unaouzwa huko kwa ajili ya huzuni. Mmea huo uliamsha vimeng'enya, dawa yao ya kuzuia mwili usiukatae moyo mpya ikashuka kwenye damu, na miili ikaanza kuukataa. Kwa upande wa pili kuna juisi ya balungi: watafiti wa Kanada waligundua, walipoitumia kuficha ladha ya pombe katika jaribio, kwamba inaongeza sana kiwango cha dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini, kwa kuviharibu vimeng'enya vilivyo kwenye utumbo, na glasi moja tu huacha athari kwa siku nzima au zaidi. Hata hapa kwetu, wauguzi wa kliniki za kifua kikuu wanajua kwamba rifampisini huliamsha ini kiasi kwamba anayetumia dolutegravia kwa ajili ya virusi vya Ukimwi hupewa dozi yake mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Hakuna aliyesema rifampisini ni sumu. Inajulikana inachofanya, na dozi inapangwa kwa kuzingatia hilo.

Kuna njia nyingine ambayo haipiti kwenye vimeng'enya hivyo, nayo inahusu mpango wako moja kwa moja. Wafarini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usiitumie tena vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Majani ya kijani yana vitamini hiyo kwa wingi: mchicha, matembele, kisamvu, na mlonge pia. Majani yakikaushwa na kusagwa, kijiko kimoja hubeba majani mengi kuliko mtu angekula kwa mboga. Kwa hiyo ule mlonge unaouona hauna madhara, na ambao kwa watu wengi kweli hauna, kwa mtu wa wafarini si kitu cha kujazia kopo bila kupima. Huenda hata sasa ndio unaoshusha INR na miti ya siri haina hatia yoyote. (Hili halina maana kwamba aache mboga. Wagonjwa wengi huziogopa mboga za majani wakadhoofika bure, ilhali kinachotakiwa ni kiasi kisichobadilika sana kutoka wiki hadi wiki, ili dozi ipangwe juu yake.)

Sasa urudi kwenye wazo lako la kumwaga unga. Mume wako yuko kwenye miligramu 7.5, dozi iliyopandishwa wakati unga umo. Ukiuondoa ghafla bila mtu wa kliniki kujua, na kama mfuatano tuliouona una ukweli, unaweza kumrudisha kwenye 5.9 au zaidi, na safari hii hakuna atakayejua pa kuanzia kutafuta. Ukiweka mlonge mwingi kuliko aliokuwa akiunywa, unaweza kumpeleka upande wa pili, ambako vali ya bandia hupata bonge. Na siku itakapojulikana, utakuwa umempa mume wako sababu ya kutokuamini chakula kinachotoka mikononi mwako. Sikulaumu kwa kuliwaza hilo. Nakuomba tu uone kwamba kuondoa kwa siri kuna hatari ile ile ya kuingiza kwa siri.

Hatari hiyo inakuja hata usipogusa kitu, na ndiyo sababu jambo hili halingoji kliniki ya kawaida. Umesema mama anakwenda kuvuna mihogo mwezi ujao. Akiondoka na unga ukaisha kama mara ile, kopo litakuwa limebadilika lenyewe. Vyovyote mtakavyoamua, ingefaa INR ipimwe karibu na siku ile kiasi chochote kinapobadilika, na irudiwe baada ya siku chache, kwa sababu wafarini ni dawa ya taratibu na badiliko la leo huonekana kamili baada ya karibu wiki nzima.

Je, kunyamaza na kuendelea kunawezekana? Watu wengi hufanya hivyo na wengine hupita salama. Ugumu wake ni kwamba unga wa nyumbani haulingani siku zote: mzizi uliochimbwa kiangazi si sawa na wa masika, kijiko cha mama si sawa na chako, na fungu la mwezi huu linaweza kuwa na gome zaidi ya lile la mwezi uliopita. Halafu INR haioni kila kitu. Tangawizi na kitunguu saumu, kwa mfano, kwa kiasi cha kuungia mboga havina neno kubwa, lakini vikikolezwa kuwa dawa vinaweza kuzizuia chembe sahani za damu, zile zinazoanza kuziba jeraha, zisishikamane, na mtu akatoka damu huku INR yake ikisomeka vizuri. Kama kwenye unga umo mti wa namna hiyo, namba nzuri isiwalaze usingizi.

Njia ya kwenda kwa daktari peke yako ina uzito wake. Hakuna kitakachokuzuia kumweleza unachokiona nyumbani, na iwapo mume wako atatokwa damu tena au atapooza upande mmoja, sidhani kama siri itakuwa na thamani yoyote mbele ya maisha yake. Hapo utasema, tena mlangoni. Lakini kwa sasa, akiwa mzima na akili zake timamu, akigundua kwamba mmezungumza nyuma yake, anaweza kuacha kwenda kliniki kabisa, na mgonjwa wa vali asiyekwenda kliniki ni hatari kubwa kuliko huyu anayekwenda na siri. Wewe ndiye unayemjua. Je, ni mtu wa kununa siku mbili, au ni mtu wa kufunga mlango moja kwa moja?

Naona hujamjaribu kwa jambo moja: kumwekea tarehe mezani. Hadi sasa nadhani mmekuwa mkibishana juu ya mama, nani anamheshimu na nani hamheshimu, na katika ubishi huo hakuna mwana wa kiume atakayekubali kushindwa. Ungemletea kadi yake ya kliniki na kumwandikia pembeni ya kila kipimo: hapa unga ulianza, hapa mama alisafiri, hapa uliharisha, hapa unga ulirudi, kisha ukamwachia aisome mwenyewe bila kuongeza neno, angeweza kuona asichotaka kuambiwa. Yeye ni mfanyabiashara na hesabu anaijua. Na hoja yake ya asili na kemikali usiipinge kwa kelele. Mwambie tu historia ya wafarini yenyewe: miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu ya malisho yaliyovunda, kundi la Karl Paul Link huko Wisconsin likakitoa kitu kilichowaua, na kutokana na jamaa ya kitu hicho ikatengenezwa wafarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya na kuidhinishwa kwa binadamu mwaka 1954. Mti na kidonge si watu wa kabila tofauti. Dawa ya mama yake ina nguvu ya kuingiliana na ya hospitali kwa sababu ni dawa, na kumwambia hivyo si kumtukana mama.

Anaogopa pia kwamba daktari ataamuru aache. Inaweza kuwa hivyo, na ingekuwa na sababu zake. Lakini si jibu pekee linalowezekana. Wapo watakaosema aendelee na kiasi kile kile kisichobadilika na dozi ipangwe juu yake, huku ini na figo zikipimwa. Wapo watakaotaka apunguze kidogo kidogo huku INR ikiangaliwa kila baada ya siku chache. Hata siri ya ukoo haihitaji kufunguliwa yote siku ya kwanza, ingawa majina ya miti yangesaidia, kwa sababu kwa wafarini tuna bahati ya kuwa na kipimo kinachoonyesha matokeo hata kama hujui kilichosababisha. Dawa nyingi hazina bahati hiyo. Na tiba asili si haramu katika nchi hii: ipo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002 na lipo Baraza linalosajili watoa huduma, kwa hiyo mgonjwa anayesema anatumia dawa ya miti hajakiri kosa.

Kuhusu yule muuguzi aliyegombeza mbele ya foleni, nimevaa gauni lile jeupe kwa miaka mingi na sitamtetea. Mgonjwa anayegombezwa hupunguza kusema kuliko anavyopunguza kunywa. Mume wako anaweza kuomba kuzungumza na daktari au mfamasia faragha, na akaanza kwa namna ambayo ni vigumu kuigombeza: "Nimegundua INR yangu inabadilika kila unga huu ukiingia na kutoka, nimeandika tarehe, naomba tuzitazame pamoja." Hapo ni mgonjwa aliyeleta ushahidi, na daktari aliyekuwa akimhesabu mkaidi atapata maelezo ya namba zilizomsumbua. Akipenda, kisa hicho kinaweza pia kuandikwa kwenye fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo hupokea taarifa za madhara ya dawa, za miti zikiwemo.

Na mama mkwe? Hapa ndipo ninapokuuliza kwa upole: nani amesema ataumia? Mwanamke aliyemkemea jirani asiache vidonge wakati nusu ya nchi ilikuwa njiani kwenda Samunge, kijijini kwa yule Babu wa Loliondo, anaonekana kwangu kuwa mtu anayejua kwamba dawa mbili zinaweza kuishi katika mwili mmoja na kwamba moja haifuti nyingine. Mganga mzuri wa miti huuliza mgonjwa anakula nini na anakunywa nini. Huenda mama hajawahi kuambiwa kwamba kidonge kile cha usiku kinapimwa kwa namba, wala kwamba namba hiyo iliyumba alipokuwa msibani. Si lazima wewe mkamwana uwe wa kwanza kusema, na kwa adabu za kwetu pengine inafaa mwanawe ndiye aanze. Lakini ukiwa naye jikoni, kumuuliza, "Mama, unga huu ukikatika ghafla mtu hupatwa na nini?" ni swali la mwanafunzi kwa mwalimu wake. Jibu lake linaweza kukushangaza. Linaweza pia kuwa kali, na hilo uwe umejiandaa nalo.

Wakati haya yote yakiendelea, mambo machache hayasubiri mazungumzo ya familia: choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu, damu ya pua isiyokatika, kichwa kuuma ghafla kupita kawaida au baada ya kuanguka, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au maneno kukwama. Likitokea moja kati ya hayo ni hospitali saa ile ile, hata usiku, na kopo la unga mwende nalo. Na vidonge vya dukani, hasa Flagyl, Septrin na dawa za maumivu kama diklofenaki, asinunue kabla hajamwambia muuzaji kwamba anatumia wafarini.

Ikiwa mume wako atakataa hata kuitazama ile kadi, bado unaweza kwenda kwa mfamasia wa hospitali bila kutaja jina la mtu, ukaeleza dawa, dozi na mfuatano wa vipimo kama ulivyonieleza mimi, ukamuuliza INR ingepaswa kurudiwa lini mama atakaposafiri. Kisha umwambie mume wako kwamba ulikwenda na ulichoambiwa, siku hiyo hiyo.